Siku yangu Ngamiani: kifua kikuu na sukari chumba kimoja

Saa 12 na nusu asubuhi niko njiani Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, mkobani nina vikopo vya makohozi na daftari. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wengi hudhani tunagawa vyandarua tu. Kazi yangu ni kuwafuata wagonjwa wa TB, yaani kifua kikuu, majumbani: nani kameza dawa, nani mwingine anakohoa.

Saa 2 mpaka saa 4, nyumba hadi nyumba, hakuna jipya.

Saa 4 nikakwama kwa mzee mmoja fundi cherehani. Yuko mwezi wa pili wa dawa, uzito haupandi, kiu haimwishi, usiku haishi kuamka kwenda haja ndogo. Nikamwambia, "Baba, twende kituoni ukapimwe sukari."

"Mwanangu, mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa ukasema ni dawa. Leo unanitafutia ugonjwa mwingine? Sukari ni ya wenye vitambi!"

Nikaanza upya. Sukari ikipanda, kinga inashuka. Hatari ya mwenye kisukari kuugua TB ni mara 2 hadi 3 ya ile ya asiye nacho. TB nayo hupandisha sukari. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu 2011 tupime pande zote mbili. Mzee akavuta uzi, kimya. Mkewe ndiye aliyemaliza mjadala: "Vaa kanzu, baba fulani, uende."

Hapo nikakiona chumba: watu sita, dirisha limezibwa na kabati, mjukuu anatambaa sakafuni. Mtoto wa umri ule akikaa na mgonjwa anatakiwa achunguzwe na apewe dawa ya kinga. Zamani tulidhani TB ni ya makambi ya mkonge na sukari ni ya mjini. Hapa zinalala kitanda kimoja.

Kituoni dawa za TB ni bure. Stripi za sukari zimekwisha, kanunue dukani. Jua la saa 7, mzee kwenye benchi, mimi mbio dukani, pesa yangu ya chakula ikaishia huko. Kipimo kikasoma 17.8 mmol/L, juu sana. Tabibu akasema si hukumu ya mwisho, TB huweza kuipandisha kwa muda, apimwe tena kabla hajala. Na asinunue vidonge vya sukari kiholela, maana rifampisini, mojawapo ya dawa zake za TB, hupunguza nguvu ya baadhi yake.

Baada ya hapo sijui saa. Miguu inauma, daftari halijajazwa. Jioni mzee akapiga simu: chai ya rangi bila sukari asubuhi kabla ya kipimo inaruhusiwa? Nikamwambia maji tu. Akaguna, "Na hayo ndiyo matibabu?"