Jinsi nilivyoipata thamani ya haki ya deni lisilo na bei sokoni

Aliyekuwa akishika hesabu za kampuni yoyote Nairobi mwishoni mwa 2023 anakumbuka jinsi riba zilivyochachamaa. Mwezi Desemba Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5 kwa mkupuo mmoja, hati za hazina za siku 91, yaani mikopo mifupi ya serikali, zilikuwa zikinyemelea riba ya asilimia 16, na dola ilikuwa imepita shilingi 155. Kampuni yetu, iliyoko Industrial Area, ilikuwa na deni la shilingi milioni 300 lililokopwa riba zikiwa bado chini: noti, yaani hati za deni tulizowapa wakopeshaji, za asilimia 13, riba inalipwa kila Desemba, na kiasi chote kilichokopwa kinarudishwa Desemba 2026. Noti hizo zimeshikwa na wakopeshaji wachache na hazijaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kwa hiyo hakuna pa kuchungulia bei.

Vitabuni tunazibeba kwa gharama iliyosawazishwa, yaani milioni 300 zile zile tulizokopa, bila kufuata bei ya soko. Lakini kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 7, kinataka msomaji wa hesabu aonyeshwe pia thamani ya haki, na IFRS 13, kilichoanza kutumika Januari 2013, ndicho kinachoeleza namna ya kuipima. Kazi ikaniangukia mimi.

Mwenye kampuni, tunayemwita Mzee hata mbele ya wageni, hakuona mantiki. "Kijana, nani amekuja kununua deni letu?"

Nilimwambia hakuna aliyekuja, Mzee, na wala si lazima aje. Kinachotafutwa ni bei ambayo ingelipwa siku ile ya mwisho wa mwaka kumhamishia mtu mwingine deni hilo, kwa utaratibu wa kawaida, bila mtu kulazimishwa. Kisha nikamgeuzia swali: mtu mwenye pesa zake leo, akijua sisi tunalipa 13 na serikali yenyewe inalipa zaidi ya hapo, atazinunua noti zetu kwa milioni 300 kamili?

"Labda awe mjinga."

Jibu hilo lilinifaa kuliko Mzee alivyodhani. Deni likikosa bei ya kuhamishwa, IFRS 13 kinakuelekeza ulitazame kwa macho ya yule anayelishika kama mali. Kwa hiyo badala ya kujiuliza sisi tungelipa nini kuondokana nalo, nilijiuliza mshika noti angedai mapato kiasi gani ndipo akubali kuinunua. Hesabu zilizobaki ni za Excel: riba ya milioni 39 kwa miaka mitatu, na milioni 300 mwishoni, vyote vikirudishwa kwenye thamani ya leo. Ugomvi wote uko kwenye kiwango cha kurudishia.

Mkurugenzi wa fedha alikuwa na chake tayari. Mnada wa bondi ya miundombinu wa Novemba 2023, ile ya miaka sita na nusu, ulikuwa umetoa asilimia 17.93, gazeti lilikuwa mezani kwake, na akasema tutumie hiyo, imeshachapishwa, nani atabisha? Nilibisha mimi. Kwanza, noti zetu zimebakiza miaka mitatu, si sita na nusu. Pili, na hili ndilo zito, riba ya bondi ya miundombinu haitozwi kodi. Mkopeshaji anayekatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 anahitaji takriban asilimia 21.1 kabla ya kodi ili abaki na 17.93 mkononi. Ukiweka viwango hivyo viwili kwenye safu moja umechanganya pesa iliyokatwa kodi na isiyokatwa. Tatu, sisi si serikali.

Niliacha gazeti nikaanzia kwenye mchoro wa mapato ya bondi za serikali zinazotozwa kodi, ule unaotolewa na Soko la Hisa kuonyesha mapato kwa kila muda wa bondi, nikachukua nukta ya miaka mitatu. Juu yake nikaongeza fidia ya hatari yetu wenyewe, yaani riba ya ziada anayodai mkopeshaji kwa kuhofia kwamba hatutalipa. Ushahidi wa fidia hiyo niliutoa nje ya jengo letu: benki mbili tunazofanya nazo biashara zilitupa kwa maandishi riba ambayo zingetutoza siku hizo kwa mkopo wa miaka mitatu usio na dhamana. Nafikiri barua hizo mbili zilinisaidia kuliko fomula yoyote. Mkaguzi wa hesabu hashindani na barua yenye mhuri wa benki kama anavyoshindana na maoni ya mhasibu.

Mbona isiyo na dhamana, ilhali noti zetu zimedhaminiwa? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Mdhamini ni kampuni nyingine yenye jina kubwa kuliko letu, na wakopeshaji walikubali 13 kwa sababu yake. Mkurugenzi aliona ni haki kiwango kishuke kwa ajili hiyo. Lakini dhamana ya mtu wa tatu inapohesabiwa kando na deni lenyewe, IFRS 13 hakimruhusu mkopaji kuiingiza kwenye thamani ya deni. Anapimwa kwa uwezo wake mwenyewe wa kulipa. Mdhamini akilipa kwa niaba yetu, deni letu halijafutika; limehamia kwake tu, na atatudai.

Kiwango kikaishia asilimia 20. Kwa kiwango hicho noti za milioni 300 zilikuwa na thamani ya haki ya takriban milioni 255.8.

Mzee alipoona tofauti ya milioni 44 alifurahi, akauliza kama hiyo ni faida. Sivyo. Inaonyeshwa kwenye maelezo ya hesabu tu, haigusi faida wala hasara, kwa kuwa noti zenyewe tunazibeba kwa gharama iliyosawazishwa. Na hata kampuni iliyochagua kubeba deni lake kwa thamani ya haki, sehemu inayotokana na kudorora kwa uwezo wake wa kulipa IFRS 9 kwa kawaida huipeleka kwenye mapato mengine kamili, sehemu ya hesabu iliyo nje ya faida na hasara. Ingekuwa kichekesho kampuni itangaze faida kwa sababu watu wameacha kuiamini.

Dada aliyetumwa na wakaguzi aliuliza swali moja la maana: kiwango kikiwa 19 au 21 je? Nilikuwa nimeshaweka jedwali: 261.5 na 250.2. Akaniuliza ngazi, kati ya zile tatu ambazo IFRS 13 hupangia vipimo kulingana na jinsi takwimu zake zinavyoonekana sokoni. Nikasema ya tatu, kwa kuwa fidia ya hatari yetu haionekani sokoni, hata kama msingi wake unaonekana. Hakuleta ubishi.

Vingine havikutusumbua. Mkopo wa dola unaofuata SOFR, kiwango cha riba ya dola kinachobadilika na soko, tuliohamia baada ya LIBOR ya dola, kiwango kilichotangulia, kusitishwa Juni 2023, riba yake hujirekebisha yenyewe, na benki ilikuwa haijabadilisha nyongeza yake kwetu, kwa hiyo kiasi cha vitabuni kilitosha. Wadeni na wadai wa muda mfupi vivyo hivyo. Bondi chache za serikali tulizonazo tulizipima kwa mchoro ule ule, ngazi ya pili. Mauzo ya mwisho ya bondi moja yalikuwa ya kiasi kidogo na ya zamani, nikayakataa yasiwe ndiyo bei.

Mwaka uliofuata Benki Kuu ilianza kuteremsha riba mwezi Agosti, na kufikia Desemba 2024 ilikuwa imefika asilimia 11.25. Nilirudia kazi yote, barua mpya za benki zikiwemo, kiwango chetu kikawa 16 na thamani ya haki milioni 285.6. Mzee akaja juu: hatujakopa hata shilingi, vipi deni limepanda karibu milioni 30? Nilimgawia mara mbili. Milioni 12.2 ni muda: kwa kiwango cha mwaka jana cha 20, noti iliyobakiza miaka miwili ingefika 267.9 yenyewe. Milioni 17.6 zilizobaki ni kushuka kwa riba. Akaitazama karatasi, akauliza Desemba 2026 itasoma ngapi.

"Milioni 300, Mzee. Na siku hiyo itabidi tuzilipe."