Nilivyosanifu skrini kubwa ya LED itengenezwe kwa mbele

Ukuta niliokabidhiwa ulikuwa wa zege tupu, na skrini ilitakiwa ikae juu yake bila kujitokeza sana. Kwa kawaida skrini za LED huachiwa ujia nyuma, sentimita 60 au zaidi, fundi apite na kufungua milango ya kabineti, yaani masanduku yanayobeba vipande vya skrini. Hapa ujia haukuwepo, wala hapakuwa na pa kuupata. Maana yake ni kwamba chochote kitakachoharibika, iwe moduli (kipande cha uso wa skrini chenye taa), pawasaplai (kifaa cha kulisha umeme), kadi ya kupokea data au waya, lazima kitoke na kurudi kupitia uso uleule ambao watu wanautazama.

Skrini ilikuwa na upana wa mita 6.4 na kimo cha mita 3.36: kabineti 70 za milimita 640 kwa 480, kila moja ikibeba moduli 6 za milimita 320 kwa 160. Umbali wa pikseli hadi pikseli, yaani nukta moja ya taa hadi nyingine, ni milimita 2.5. Kabla ya kuchora fremu nilijiuliza jambo moja: moduli iliyo katikati kabisa, yenye majirani pande zote nne, itatokaje bila kuwagusa?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Kwenye umbali wa milimita 2.5, kitovu cha taa ya mwisho kiko milimita 1.25 tu kutoka ukingo wa moduli. Taa zenyewe zina upana wa milimita 2.1, kwa hiyo kinachobaki kati ya taa na ukingo ni milimita 0.2. Weka moduli mbili ubavu kwa ubavu, taa za moduli hii na zile za jirani zinaachana kwa milimita 0.4. Fundi akiivuta upande mmoja kwanza, moduli inainama kidogo na ukingo wake unakwangua taa za jirani. Taa ya ukingoni imeshikwa na risasi kidogo sana ya kuchomelea. Ikiguswa hivyo inang'oka, na sasa una moduli mbili za kutengeneza badala ya moja.

Niliamua moduli isiweze kuinama hata fundi akitaka. Nyuma yake, karibu na kila pembe, niliweka pini ya kuongoza yenye urefu wa milimita 8, inayoingia kwenye tundu la kabineti bila kulegea. Mpaka pini zitoke zote, moduli inakwenda mbele na nyuma tu. Kesi ya plastiki nayo ni nyembamba kidogo kwa nyuma kuliko usoni, hivyo ikishasogea milimita chache tayari ina nafasi ya kupumua pembeni.

Kinachoishikilia ni sumaku. Hapa nilikaa muda mrefu, maana sumaku ikiwa dhaifu moduli haikai bapa, na ikiwa kali mno hakuna anayeitoa bila kutumia nguvu za hatari. Vichwa vya sumaku nilivifunga kwa skrubu zinazorekebishika, ili kila moduli isawazishwe na jirani yake. Tofauti ndogo ya kimo, hata sehemu ya kumi chache za milimita, inaonekana ukisimama ubavuni: mstari mweusi au mstari unaong'aa, pale moduli zinapokutana. Kuitoa, fundi anatumia kifaa cha kunyonya chenye sponji laini usoni na kimota kidogo ndani. Anakigandisha katikati ya moduli, anawasha, anavuta moja kwa moja. Unasikia sumaku zikiachia karibu kwa pamoja, na moduli inamfuata mkononi. Kuna kamba fupi ya chuma kati ya moduli na kabineti, ili hata ikiponyoka mkononi isimwangukie aliye chini ya ngazi. Fundi pia anavaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi, kwa sababu umeme tuli unaweza kuiumiza LED leo na dalili zikaja baadaye.

Nilishawishika kutumia soketi ngumu, zile ambazo moduli inajichomeka yenyewe ikirudi mahali pake. Ni nzuri kwa kasi. Lakini pini nyingi za data na umeme zina msuguano, na nguvu ya kuzisukuma ziingie ingetoka wapi? Ama sumaku ziwe kali zaidi, ama fundi abonyeze uso wa taa kwa kiganja. Sikutaka vyote viwili. Nikabaki na waya bapa wa pini 16 na kebo fupi ya umeme, zote zenye kufuli. Urefu wake ni wa kutosha moduli ishikwe mkononi huku mkono mwingine ukichomoa. Waya huo wa ziada nao unahitaji pa kukaa: ukijikunja ovyo nyuma ya moduli unaisukuma nje, ndiyo maana kila kabineti ina klipu na mfereji wake. Wengine wangechagua vingine, na ninaelewa.

Mlango wa fundi, basi, ni tundu la milimita 320 kwa 160. Nilizipanga pawasaplai na kadi kwa kufuata tundu hilo: nyembamba, zimelala kwa urefu, zimefungwa kwa skrubu zinazotazama mbele, na hakuna nati inayohitaji kushikwa kwa nyuma. Kwenye ukuta wa ndani wa kabineti kuna lebo yenye namba ya safu, namba ya kabineti na upande ambao kebo inaelekea, kwa sababu fundi aliye juu ya ngazi haoni ramani.

Kwa data niligawa njia kwa safu. Safu ya kabineti 10 ina pikseli 491,520, na mlango mmoja wa gigabiti kwenye kifaa kinachotuma picha hubeba kama 650,000 kwa picha 60 kwa sekunde. Ningeweza kubana milango 6 itoshe skrini nzima. Nikatumia 7, kila safu na wake. Safu ikizimika, unajua kebo ya kuishika. Mwisho wa kila safu kuna kebo ya kurudi, ili kadi moja ikifa zilizo mbele yake ziendelee kupokea kutoka upande wa pili.

Kuna jambo wasanifu wengi hulisahau: alumini inatanuka. Kwa upana wa mita 6.4, joto likipanda nyuzi 20, fremu inaongezeka karibu milimita 3. Ukiikaza kati ya kuta mbili, moduli zinabanana na hazitoki tena hata kwa kifaa gani. Niliacha mwanya pembeni na kuufunika kwa ukanda unaotelezeka. Mwanya mwingine uko chini na juu, hewa ya moto ipande na kutoka, kwa kuwa nyuma ni zege.

Spea tulizipata katika toleo moja la kiwandani na skrini yenyewe. LED za matoleo tofauti hutofautiana rangi kidogo, na jicho halisamehe mraba mmoja wenye weupe wake peke yake. Takwimu za usawazishaji wa mwanga zinahifadhiwa kwenye chipu ya moduli yenyewe, zinasafiri nayo popote inapochomekwa. Na kwa kuwa LED hufifia kadiri zinavyotumika, tunazizungusha spea: zinaingia skrinini kwa zamu, ili zizeeke pamoja na wenzake.

Kwa anayetaka kuupeleka usanifu huu nje, abadilishe sumaku. Sumaku ya neodimiamu ya daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi 80, na jua la mchana likichanganyika na joto la moduli halikuachii nafasi ya kujiamini. Zaidi ya hapo, mpira wa kuzuia maji lazima ubanwe kwa nguvu sawa pande zote, kazi ambayo sumaku haiiwezi. Huko ningetumia makomeo ya robo mzunguko, yanayofunguliwa kwa ufunguo mwembamba kupitia vitundu vilivyoachwa kati ya taa, na vitundu hivyo vizibwe kwa mpira.