Nilivyoacha kuzungushwa na anime za mapenzi

Ushauri wa kwanza anaopewa kila mgeni wa anime, yaani katuni za Kijapani, ni huu: tazama vipindi vitatu, ukinogewa endelea, usiponogewa acha. Kwa anime za mapigano sina ugomvi nao. Kwa anime za mapenzi ni ushauri mbovu, na umenilia bando na usingizi mwingi mno. Vipindi vitatu havikwambii lile ambalo shabiki wa mapenzi anataka kulijua: je, hawa wawili watafunguliana moyo kabla hadithi haijakatwa, au nitazungushwa miezi mitatu kisha niachwe njia panda?

Chukua Toradora! (2008–2009, vipindi 25). Vipindi vitatu vya mwanzo ni ugomvi na vichekesho, na aliyefuata kanuni hiyo anaondoka akidhani ametazama komedi ya wanafunzi. Ore Monogatari!! (2015, vipindi 24) inakupiga upande wa pili: kufikia kipindi cha tatu wapenzi wameshapatana, basi mtu anajiuliza kimebaki nini. Vimebaki vipindi 21 vya jambo ambalo anime nyingi hulikwepa, yaani watu wawili kujifunza kuwa wapenzi baada ya kukubaliana. Tahadhari: humu nitataja miisho ya hadithi kadhaa, maana bila hivyo hakuna cha kueleza.

Nilipoachana na kanuni ya vipindi vitatu nikahamia kwenye mbinu iliyoonekana ya akili zaidi: kufungua kipindi cha mwisho kwanza. Nikikuta wamepatana, narudi mwanzo kwa amani. Niliijaribu kwa bidii na iliniangusha kila mara, kila mara kwa sababu tofauti. Nisekoi ina msimu wa 2014 na wa 2015, jumla vipindi 32, na kipindi cha mwisho hakijibu chochote kwa sababu manga yenyewe, yaani kitabu cha katuni kilichotangulia, ilikuwa bado inaendelea. Iliishia juzuu 25. Kare Kano (1998–1999) iliishia kipindi cha 26 ikiwa inaning'inia, wakati manga ilifika mwisho wake 2005 kwa juzuu 21. Hapo angalau nilijifunza kuwa hakuna mwisho wa kuuona.

Iliyoniuma ni Toradora!. Kipindi cha mwisho kina mwisho kamili, tena mzuri. Siku ya mahafali Ryuji, kijana mhusika mkuu, anapanda mbio hadi darasani, anafungua kabati la vifaa vya usafi, na Taiga, msichana wa hadithi, yumo ndani. Ukianzia hapo unaona msichana kabatini, basi, kichekesho. Hujui kwamba katika kipindi cha kwanza alijificha vivyo hivyo, kwa aibu ya barua ya mapenzi aliyoitia kimakosa kwenye mkoba wa Ryuji badala ya wa kijana aliyemkusudia. Kabati lilelile la aibu ndilo linalofunguliwa mwishoni, na anayelifungua safari hii anajua hasa anamtafuta nani. Tukio hilo lilijengwa kwa vipindi 24, nami nikalimaliza kwa dakika mbili. Usianzie mwisho.

Kinachofanya kazi ni hesabu, na haihitaji kutazama hata dakika moja. Msimu wa kawaida ni vipindi 12 au 13, kwa sababu ratiba za televisheni Japani hugawanywa robo nne za mwaka: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Anime nyingi za mapenzi zinatokana na manga au riwaya nyepesi (riwaya fupi za vijana zenye michoro), na mchapishaji wa kitabu mara nyingi yumo kwenye kamati inayotoa fedha. Kwake yeye anime ni tangazo la kitabu. Kitabu kikiwa bado kinauzwa kwa mwendo, hakuna anayeharakisha kuwaunganisha wapenzi kwenye skrini. Kwa hiyo swali la kwanza ni: manga iliisha lini? Ikiwa iliisha baada ya anime, shuku. La pili: juzuu ngapi, vipindi vingapi? Gawa vipindi kwa juzuu.

Toradora! ilitoka kwenye riwaya za juzuu 10; vipindi 25 kwa 10 ni viwili na nusu kwa kila juzuu, na hadithi imepumua vizuri. Fruits Basket ya 2019 hadi 2021 ina vipindi 63 kwa juzuu 23, zaidi kidogo ya viwili na nusu, nayo imefika mwisho. Ile ya 2001 ilikuwa na vipindi 26 tu na manga ilikuwa haijaisha. Ukichanganya hizo mbili utamlaumu mtunzi bure. Maison Ikkoku ya miaka ya 1986–1988 ina vipindi 96 kwa juzuu 15, mwendo wa kobe, na ndiyo maana pale hata kusubiri simu kunageuka mapenzi. Sasa Horimiya ya 2021: manga ya juzuu 16 ndani ya vipindi 13. Chini ya kipindi kimoja kwa juzuu! Wapenzi wakuu wamefika, lakini hadithi za marafiki zao zimekatwakatwa, na ilibidi 2023 vitoke vipindi 13 vingine kurudisha vilivyoachwa. Ukizitazama zote mbili utaridhika. Ukitazama ya kwanza pekee utajiuliza wale wengine walitokea wapi.

Kwangu mimi, chini ya kipindi kimoja na nusu kwa juzuu ni dalili kwamba hadithi imekatwa katikati au imebanwa. Na hata ikivuka kiwango hicho, kabla ya kuhukumu tafuta filamu. The Quintessential Quintuplets (juzuu 14) ina misimu miwili ya vipindi 12, na anayeishia hapo hajui bwana harusi alimchagua nani kati ya mapacha watano. Jibu limo kwenye filamu ya 2022.

Hesabu hii haifai pale chanzo kinapokuwa mchezo wa kompyuta wa kusoma na kuchagua njia. Huko kila msichana ana njia yake na mwisho wake, na mchezaji anawapitia wote mmoja mmoja. Amagami SS (2010) imeheshimu jambo hilo waziwazi: kila msichana anapewa vipindi vinne, anapatana na kijana, kisha hadithi inarudishwa mwanzo kwa mwingine. Clannad ilichagua Nagisa peke yake, ikaendelea na After Story (2008–2009) hadi ndoa, kazi ya ufundi umeme na malezi ya mtoto. Ukiuliza kwa nini nyingine hazichagui, tazama kabati la shabiki sugu: sanamu, mabango, foronya zenye picha ya mhusika. Kila msichana ana wanunuzi wake, na kijana akichagua mmoja, wanunuzi wa wengine wanafiwa. Neno "waifu", yaani mhusika wa kike ambaye shabiki humfanya mke wake wa kufikirika, lenyewe lilienea kwa mashabiki kutoka kwa mwalimu mmoja kwenye Azumanga Daioh (2002) aliyeionyesha picha ya mkewe akilitamka neno la Kiingereza kwa lafudhi ya Kijapani. Hii pia ndiyo sababu sitegemei alama za watazamaji: msichana akishindwa, waliompenda hulipiza kisasi kwenye alama.

Baada ya hesabu kinakuja kilichonipa raha kuliko vyote, nacho ni kusikiliza majina. Kwa kawaida Wajapani wasio karibu huitana kwa jina la ukoo, na nyuma ya jina huja kiambishi cha heshima au cha ukaribu: -san, -kun au -chan. Kumwita mtu jina lake mwenyewe bila kiambishi ni ukaribu wa familia, wapenzi au marafiki wa karibu sana. Sisi tunalijua hili vizuri. Kijana aliyezoea kukuita "dada Rehema" akisema siku moja "Rehema" tu, waliokuwepo wote wanageuka.

Basi rudi Toradora! ukiwa na masikio hayo. Ryuji anampenda Minori, naye anamwita Kushieda, jina la ukoo. Minori anamwita Takasu-kun, ukoo wake Ryuji. Taiga anampenda Kitamura, naye anamwita Kitamura-kun. Halafu Taiga na Ryuji, ambao wameapa kwamba wanasaidiana tu, wanaitana Taiga na Ryuji karibu tangu mwanzo. Yaani kila mmoja anamwita anayedhani anampenda kwa jina la heshima, na yule asiyemhesabu anamwita kwa jina la nyumbani. Jibu la hadithi nzima limetamkwa mbele yako mara mia kabla hawajalijua wenyewe, na wengi wanalikosa kwa sababu wafasiri wa Kiingereza mara nyingi huweka jina moja kila mahali.

Ninavyofanya: natazama kipindi na tafsiri, halafu narudia matukio ya wawili pekee nikiwa nimezima maandishi. Daftari lina safu mbili, anayeita na anavyoita, pamoja na dakika. Jina linapobadilika, simamisha, rudi nyuma sekunde kumi, usikilize sauti ya aliyeitwa. Tumia sauti ya Kijapani. Iliyotiwa Kiingereza mara nyingi hufuta viambishi. Vipindi vinne vya kwanza vitakuchosha, kisha sikio linashika lenyewe.

Neno la kufunguka nalo linatafsiriwa vibaya, na hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati. Wajapani husema "suki". Hilohilo hutumika kwa tambi na kwa paka. Mfasiri wa Kiingereza analazimika kuchagua neno dogo au kubwa, na akichagua dogo tukio linapoa. Sisi tunasema napenda wali na nakupenda, kitenzi kilekile, na uzito unatoka kwenye uso wa msemaji. Tafsiri "suki" kichwani mwako kuwa "nakupenda" na hutakosea. "Aishiteru", neno jingine la nakupenda, ni zito na adimu. Likitokea, weka chai chini. Ila usisahau kwamba "suki desu" haijafunga jambo. Kinachofunga ni ombi linalofuata, "tsukiatte kudasai", tuwe wapenzi, na jibu lake. Wapo wanaotamka la kwanza wakakimbia bila kusubiri jibu, na hapo kwa sheria ya anime hakuna uhusiano bado. Ukisikia fataki zikilipuka katikati ya sentensi, jua haikusikika na itabidi irudiwe.

Kalenda nayo isome. Mwaka wa shule unaanza Aprili na kuisha Machi. Sare za baridi hubadilishwa kuwa za joto Juni, zikarudi Oktoba. Fataki na yukata (kimono nyepesi) ni kiangazi, tamasha la shule ni vuli, kisha Krismasi ambayo Japani ni usiku wa wapenzi. Tarehe 14 Februari msichana ndiye anayetoa chokoleti, na lazima ujue kama ni ya wajibu au ya moyo. Kijana anajibu 14 Machi. Mahafali, nayo ya Machi, ndiyo saa ya kuombwa kifungo cha pili cha koti la sare, kile kilicho karibu na moyo. Kwa hiyo nikiwa kipindi cha tisa kati ya 12 na mikono ya sare bado ni mifupi, sitegemei jibu. Nategemea fataki, na sentensi iliyomezwa.

Tsuki ga Kirei (2017, vipindi 12) haina manga iliyoitangulia, hivyo hesabu ya juzuu haiigusi, na kwa hiyo wengi huiogopa. Itazame. Akane na Kotaro ni wanafunzi wenye haya kiasi kwamba mengi wanaambiana kwa ujumbe wa simu, na mwishoni mwa vipindi majina ya watayarishaji hupita juu ya ujumbe mfupi wa wapenzi. Mtu mwenye haraka anazima hapo. Kwenye kipindi cha 12 usizime: utengano, miaka ya kuandikiana, ndoa na mtoto vyote vimewekwa humo, chini ya majina yanayopanda.