Siku moja mezani kwangu na mikoba ya ngozi ya zamani

Saa 12 asubuhi

Kabla ya kitu kingine chochote napita kwenye rafu ya kukaushia. Kuna mkoba wa Coach wa kahawia niliouogesha juzi. Tumboni umejazwa mataulo makavu ili ushike umbo lake, na umekaa mbali na dirisha. Naugusa kwa ngozi ya ndani ya kiganja, karibu na kifundo, kwa sababu ncha za vidole vyangu zina sugu na hazisikii vizuri. Una ubaridi bado. Ubaridi huo ni maji, na ndiyo hali niliyokuwa naisubiri, maana ngozi yenye unyevu kidogo inapokea mafuta vizuri kuliko iliyokauka kabisa.

Watu wengi wakisikia nimeutia mkoba wa ngozi ndani ya beseni wanashtuka, na wana haki. Mikoba mingi haiogeshwi. Wenye bitana ya kitambaa, wenye kadibodi katikati ya matabaka, mwekundu au wa buluu iliyokolea ambao unachuja rangi, hiyo yote nasafisha kwa kitambaa chenye unyevu tu. Coach za zamani ni tofauti, na kuna sababu. Kampuni ilianza New York mwaka 1941, na Miles Cahn, aliyeiendesha pamoja na mkewe Lillian, alipendezwa na jinsi glovu ya besiboli inavyozidi kulainika na kupendeza kadiri inavyochezewa. Akataka ngozi ya namna hiyo kwenye mkoba: nene, isiyofunikwa na rangi nzito, isiyohitaji bitana. Ukiitia kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni laini kidogo, inatema uchafu wa miaka mingi hadi maji yanakuwa ya kahawia. Kisha inakauka polepole kivulini. Isipate jua wala joto la jiko, kwa sababu ngozi iliyolowa ikipata joto kali inasinyaa, na ikishasinyaa hairudi.

Mafuta napaka kwa kitambaa, tabaka jembamba, nikianzia nyuma ya mkoba ambako rangi ikibadilika haitaonekana sana. Mafuta ya kupikia siyagusi. Yanachacha ndani ya ngozi na kuacha harufu isiyotoka.

Saa 2 asubuhi

Naingia kwenye minada ya mtandaoni. Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa, kwa sababu mkoba uliochaguliwa vibaya hauokolewi na fundi yeyote, awe na vifaa vya aina gani.

Picha ya mbele hainisaidii sana. Naomba picha za pembe za chini, za mahali mkanda unapoingia kwenye pete, za sakafu ya ndani ya mkoba, na za kingo za kifuniko. Pembe zinaonyesha kama ngozi imeliwa hadi kwenye uzi au imekwaruzika juu tu. Pale kwenye pete ndipo uzito wote unapokaa, na ngozi ikiwa na ufa hapo, mkanda mzima unahitaji kutengenezwa upya. Halafu namuuliza muuzaji swali ambalo picha haiwezi kujibu: mkoba unanukaje?

Mikwaruzo, ukavu, shaba iliyofubaa na mshono ulioachia havinitishi hata kidogo. Hayo yanawakimbiza wanunuzi wengine, na bei inashuka. Ninayoyakimbia mimi ni mengine. Wino wa kalamu kwenye ngozi isiyo na rangi ya juu huwa umeshazama. Nyufa za kina hazizibiki, zinafichwa tu. Na kuna ule unga wa rangi ya kutu unaobaki mkononi ukishika mkoba wa zamani sana. Hiyo ni ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti ambayo asidi imejijenga ndani yake, hasa kutokana na hewa yenye salfa, mpaka nyuzinyuzi zake zimekatikakatika. Wahifadhi wa vitabu vya kale wanaipaka selulosi maalumu iliyoyeyushwa kwenye spiriti ili unga ushikamane, na kwa kitabu kinachokaa rafuni inafaa. Mkoba unaobebwa begani ni jambo lingine. Unga huo nikiuona pichani nafunga ukurasa.

Leo nimeacha pia mkoba mzuri sana wa ngozi ya mamba. Ngozi za mamba ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kufanya kazi mwaka 1975, na kuuvusha mkoba wa namna hiyo mpakani kunadai vibali hata kama una umri wa bibi yangu. Nimeweka dau kwenye mmoja tu, mweusi wa kubeba mkononi, na nimemwandikia muuzaji kuhusu bitana.

Saa 4 asubuhi

Kifurushi kimefika. Nakifungulia mlangoni, si mezani, kwa sababu ukungu husafiri kama vumbi kutoka mkoba mmoja hadi mwingine. Pua kwanza, kisha macho. Ukungu ukiwepo, mkoba unakaa peke yake mahali penye hewa, napangusa kwa kitambaa chenye spiriti iliyozimuliwa kwa maji baada ya kujaribu sehemu iliyofichika, na hauingii chumba cha kazi mpaka nitosheke. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi, ukungu unapata mwanya wa kurudi, kwa hiyo kipimo changu cha unyevu kinakaa ukutani daima na najitahidi kisivuke 55.

Huu wa leo haunuki ukungu. Ni wa Italia, na zipu yake imeandikwa Lampo. Napenda kusoma zipu: Lampo ni ya Italia, Éclair ya Ufaransa, Riri ya Uswisi, Talon ya Marekani. Jina kwenye zipu peke yake haliuthibitishi mkoba, kwa kuwa zipu hubadilishwa na waigaji nao hununua zipu nzuri, lakini lisipolingana na hadithi ya muuzaji naanza kuangalia upya kila kitu.

Naingiza mkono kwenye mfuko wa ndani na vidole vinanasa. Muuzaji hakulitaja hili. Bitana ina tabaka la poliyurethani, aina ya plastiki, na poliyurethani ikikaa miaka mingi inavunjwavunjwa na unyevu wa hewa wenyewe, inageuka gundi, kisha inachubuka vipande. Wapo wanaoipaka poda ya watoto ili isinate. Inasaidia hadi mnunuzi afike nyumbani. Mimi naitoa yote, nachukua vipimo vya kila kipande kabla hakijatupwa, na nitashona bitana mpya ya pamba nzito. Ngozi ya nje ni nzima kabisa, imekazana, pembe zake safi. Huu nimefurahi kuupata.

Saa 6 mchana

Kushona. Nikiulizwa saa gani ya siku naipenda zaidi, ni hii.

Mbele yangu kuna mkoba wa begani ambao mshono wa ubavuni umeachia, urefu wa kiganja hivi. Ulishonwa kwa cherehani. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini, zinazokutana katikati ya ngozi na kushikana. Mmoja ukikatika, wa pili hauna wa kuushika, na mshono unaanza kufunguka tundu kwa tundu. Mimi nashona kwa mkono: uzi mmoja, sindano mbili, moja kila ncha. Sindano ya kushoto inapita tundu, ya kulia inafuata katika tundu lilelile kutoka upande wa pili, navuta zote mbili kwa nguvu sawa, naenda tundu linalofuata. Kila tundu linapitiwa na uzi mara mbili. Hata mshono mmoja ukikatika, jirani zake hawaachii. Ndiyo njia ya watengenezaji wa matandiko ya farasi, na Hermès, walioanza na hatamu za farasi mwaka 1837, bado wanaitumia kwenye mikoba yao.

Sheria yangu ni kutumia matundu ya zamani tu. Ukitoboa mapya kati ya yale ya kwanza, unachora mstari wa kuchania. Matundu yakiwa yameziba kwa uchafu nayafungua kwa chuma chembamba chenye ncha butu, bila kuyapanua. Uzi ni wa kitani, nimeuvuta juu ya pande la nta ya nyuki mpaka umekuwa mgumu kidogo na unalia ukipita kwenye ngozi. Rangi yake nailinganisha na uzi wa zamani uliofichika chini ya kifuniko, sio ule wa nje uliopauka. Mwishoni narudi nyuma mishono mitatu, nakata, nagonga mstari wote kwa nyundo ya plastiki ili uzi ulale ndani ya mfereji wake.

Mtu akiuangalia mkoba huo kesho asione nilipoanzia.

Saa 9 alasiri

“Hodi, fundi.”

Dada mmoja ameingia na mkoba uliofungwa kwenye kanga. Wa marehemu mama yake, mweusi, wa mpini mmoja, kifuniko cha bizimu. Mpini umeachia upande mmoja, bitana imechanika.

“Nataka ung’ae kama umetoka dukani leo.”

Nauweka chini ya taa na kuugeuza. Upande wa kushoto wa kifuniko ngozi imelainika na kung’aa, weusi wake umekolea zaidi, na ukingo umepinda kidogo kuelekea juu. Upande wa kulia umekaa kama ulivyotoka kiwandani.

“Mama alikuwa na shoto?”

Akanyamaza kidogo. “Umejuaje?”

Nikamwonyesha. Nikamweleza kwamba mng’ao anaoutaka unatengenezwa kwa kusugua uso wa ngozi kwa asetoni na kupaka tabaka mpya za rangi, na kwamba nikifanya hivyo alama ile itaondoka pamoja na rangi ya zamani. Naweza kuurudisha mpini, kubadilisha bitana, kusafisha na kulisha ngozi mafuta, na kifuniko nisikiguse zaidi ya hapo.

“Basi hapo paache,” akasema. “Paache kabisa.”

Nimeandika kwenye kadi ya kazi: kifuniko, kitambaa na mafuta tu, hakuna rangi. Sina tatizo na mtu anayetaka kitu kipya, lakini mkoba mpya unauzwa kila mahali. Ngozi iliyoshikwa na mtu mmoja kwa miaka 30 haitengenezwi na kiwanda chochote, na kazi yangu ni kuifanya iweze kubebwa tena bila kuifuta.

Saa 10 alasiri

Rangi, maadamu mwanga wa mchana upo. Chini ya taa ya umeme kahawia mbili zinafanana kabisa, kesho dirishani hazifanani. Nachanganya rangi ya akriliki ya ngozi tone kwa tone, napaka alama kwenye kipande cha ngozi, nasubiri ikauke kwa sababu ikikauka hubadilika, ndipo naihukumu. Kwenye mkoba napaka pembe nne tu zilizochubuka, kwa sponji, kwa kudonadona, tabaka nyembamba nyingi badala ya moja nzito. Tabaka nzito hupasuka pale ngozi inapokunjwa.

Kingo za mkanda nasugua kwa msasa namba 400, kisha 800 ulio laini zaidi, ndipo napaka rangi ya kingo. Inakauka, nasugua tena, napaka tena.

Saa 12 jioni

Shaba. Kwanza sumaku: ikinasa, ndani kuna chuma na kinachong’aa ni tabaka la juu tu. Isiponasa bado sijamaliza, kwa sababu zinki iliyopakwa shaba nayo hainasi. Naangalia sehemu iliyosuguliwa zaidi. Kijivu kikionekana, napangusa kwa kitambaa kikavu na kuacha, maana dawa ya kung’arishia ingemaliza shaba iliyobaki. Kufuli za Coach za kuzungusha ni raha kuzisafisha kwa kuwa kwenye mikoba ya zamani ni shaba tupu. Alizileta Bonnie Cashin, aliyejiunga na kampuni mwaka 1962, baada ya kuvutiwa na vifungo vya paa la gari lake la wazi. Naziba ngozi inayozizunguka kwa utepe kabla ya kupaka dawa, kwa sababu dawa ya shaba ikigusa ngozi isiyo na rangi ya juu inaacha duara jeusi la kudumu.

Saa 3 usiku

Picha nilizipiga mchana. Sasa naandika maelezo ya mkoba unaokwenda sokoni. Naandika kila nilichobadilisha na kila nilichokiacha: mshono wa ubavu wa kulia umeshonwa upya kwa mkono, pembe zimepakwa rangi, kufuli ni ya asili, kuna doa la wino sakafuni ndani na halitoki. Doa nimelipiga picha ya karibu, ikawa ya pili katika orodha. Mnunuzi anayeliona mapema na bado akanunua hatarudisha mkoba.

Karatasi ya matunzo inawekwa ndani ya mkoba na inasema machache: jaza karatasi nyeupe zisizo na wino, funika kwa mfuko wa pamba na si wa nailoni, mafuta yapakwe mara moja au mbili kwa mwaka, na usiutundike kwa mkanda wake hata ukiwa mtupu.