Mitarakwa yangu iliuawa na kivuli

Mara mbili nilipanda mitarakwa, miti ya asili ya milimani inayofanana na saiprasi, ikakataa. Shamba letu liko upande wa magharibi wa Mlima Kenya, mita 2,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na mara zote niliipanda chini ya saiprasi nikidhani mti wa baridi hupenda kivuli. Ikarefuka myembamba, matawi ya chini yakageuka kahawia, na mwaka wa pili nikawa nang'oa vijiti.

Mzee jirani, aliyemaliza ujana wake akipasua nguzo, alikuja akatazama. "Mwanangu, umewahi kuona mtoto wa mtarakwa chini ya mama yake?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo kesho yake tukaingia msituni. Chini ya mitarakwa mikubwa, yenye gome linalochanika kwa nyuzi ndefu na ndevu za kuvu-mwani zikining'inia, nilipiga magoti kutafuta miche. Miche ya podo, mti mwingine wa milimani, ilikuwepo, na mizeituni mwitu ambayo kwetu ni mutamaiyo. Mche wa mtarakwa sikuuona hata mmoja. Tukapita hadi mahali palipoungua miaka ya nyuma, na hapo ndipo nilipoikuta kati ya nyasi na mawe, juani. Karibu niikanyage: mtarakwa mdogo una majani ya kuchoma kama sindano, ilhali ule mkubwa una majani kama magamba madogo yaliyolala, wala huwezi kuwadhania ndugu.

Nikaelewa kwa nini msitu huu wa upande mkavu uko ulivyo. Mtarakwa hupokea ardhi iliyo wazi, kisha podo na mutamaiyo, zinazovumilia kivuli, huja chini yake na kumrithi. Ukienda kusini-mashariki mwa mlima, kwenye mvua nyingi zaidi, miti ya majani mapana imejaa na mtarakwa ni wa kutafuta.

Mara ya tatu nilianza na mbegu. Mti wa kiume hauzai, basi chuma kwenye wenye vijitunda vya samawati vilivyopakwa kama vumbi. Nilivisugua, nikamwaga mbegu kwenye ndoo ya maji na kutupa zilizoelea. Karibu nusu zilikuwa tupu! Kitaluni zilinichosha, nyingine zikachipua nilipokuwa nimeshakata tamaa.

Mvua za masika zilipoanza nikahamishia miche 60 mtelemkoni, mahali pakame pasipo mti wowote. Nikapalilia duara la nyasi kuzunguka kila mche na kuweka ua wa kuzuia mbuzi. Imebaki 41, na baada ya miaka mitano inanifika kifuani tu. Saiprasi za jirani za umri huo zimeshapita paa, naye hanifichi anavyonicheka.

Mwaka huu mitarakwa mitatu ya juu imeanza kutoa kivuli kidogo. Chini yake nimechomeka podo.