Sekunde 18

Mapema mwaka 2023, wakati Afrika Kusini ikijiandaa kuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la wanawake la kriketi ya ova 20 (ova moja ni mipira sita inayorushwa), nahodha wake, Dane van Niekerk, aliachwa nje ya kikosi kwa sababu ya saa. Kigezo kilitaka kila mchezaji akimbie kilomita 2 ndani ya dakika 9 na sekunde 30, naye alizidisha sekunde 18. Hakuna aliyesema kwamba amesahau kuuzungusha mpira wala kwamba mkono wake wa kupiga umepoa. Alikuwa akitoka kwenye jeraha la kifundo cha mguu alichokivunja nyumbani kwake mwanzoni mwa mwaka 2022, na kwa sekunde hizo 18 aliikosa michuano ambayo wenzake walifika fainali, fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia kufikiwa na timu yoyote ya kriketi ya wakubwa ya nchi hiyo, iwe ya wanaume au ya wanawake. Mwezi uliofuata alitangaza kustaafu.

Nilipoisoma habari hiyo nilikasirika, na hasira yangu haikuwa na hoja yoyote nyuma yake. Baadaye nilijikuta nikiwaelewa waliomwacha, jambo lililonikera kuliko hasira yenyewe. Sheria ni msumeno: ikiwa mchezaji chipukizi anaweza kuachwa kwa kushindwa kigezo hicho, ni vigumu kueleza kwa nini nahodha asikatwe. Lakini msumeno haujui kilichopo chini yake, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza utimamu wa mwili wa mwanamke anayecheza kriketi hutoka wapi, na ni nani anayeugharimia. Jibu nililolifikia ni kwamba utimamu wa mwili hununuliwa kwa muda, na kwa miongo mingi hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari kuununua muda wa wanawake hawa.

Niseme kwanza kuhusu kukimbia kwenyewe, kwa sababu wasioufahamu mchezo huu hudhani wachezaji wake husimama tu juani. Kutoka mstari wa mpigaji hadi mstari wa upande wa pili ni mita 17.68 (kuufikia ni mkimbio mmoja, yaani pointi moja), umbali ambao kwenye karatasi unachekesha. Nilicheza kriketi ya ridhaa kwa misimu michache, mpigaji wa namba 8 ambaye hakuna aliyemwogopa (siku hizi kazi yangu ni kuandika mikimbio kwenye daftari la alama), na bado mapaja yangu yanakumbuka umbali huo. Ukiwa umefunga pedi miguuni na kuvaa kofia ngumu, unatoka mbio, unainama, unaliburuta gongo mbele yako livuke mstari, unageuka kwa mguu mmoja huku macho yakiutafuta mpira, kisha unaanza upya kana kwamba hukuwahi kuwa na kasi. Mkimbio wa kwanza ni zawadi. Ule wa pili ndio unaokudai. Kinachochosha zaidi ni kule kugeuka, na kugeuka hakumo katika kilomita 2 za kukimbia moja kwa moja. Kipimo cha yo-yo, ambacho humtaka mchezaji aende mita 20 na kurudi mita 20 kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha, kinaukaribia mchezo zaidi, ingawa nacho hakimpimi mtu akiwa na gongo mkononi.

Kwa hesabu ya harakaharaka, kilomita 2 ni sawa na mikimbio kama 113. Iweke hesabu hiyo kando ya kile alichokifanya mpigaji wa India, Jemimah Rodrigues, tarehe 30 Oktoba 2025, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50 kule Navi Mumbai. Alikuwa ameshasimama uwanjani zamu nzima Australia ikikusanya mikimbio 338, kisha akaingia kupiga mapema, katika ova ya pili, na hakutoka tena hadi India iliposhinda. Alimaliza na mikimbio 127. Mipigo yake iliyofika mpakani, ambayo kila mmoja huhesabiwa mikimbio minne bila kukimbia, ilikuwa 14, yaani mikimbio 56, kwa hiyo 71 iliyobaki aliikimbia kwa miguu yake mwenyewe, mbali na ile aliyoikimbia kwa ajili ya waliokuwa wakipiga upande wa pili, maana kila mwenzako anapokimbia nawe unakimbia. Baada ya mechi alieleza kwamba kuelekea mwishoni nguvu zilikuwa zikimwishia na kwamba mwenzake Deepti Sharma alikuwa akimsemesha kila mpira ili asikate tamaa. Siku tatu baadaye, katika fainali, India iliifunga Afrika Kusini kwa mikimbio 52 na kutwaa kombe.

Mwili wa namna hiyo haupatikani kwa mazoezi ya jioni baada ya kazi, na hapa ndipo historia inapoumiza. Wanawake walicheza mechi yao ya kwanza ya Test, yaani ya kimataifa ya siku kadhaa, Desemba 1934 mjini Brisbane. Walikuwa na Kombe la Dunia mwaka 1973, miaka miwili kabla ya wanaume, kwa sababu nahodha wa England, Rachael Heyhoe Flint, hakukubali kukaa kimya na tajiri Jack Hayward akatoa pauni 40,000. Hata mechi ya kwanza ya kimataifa ya ova 20 ilichezwa na wanawake, England na New Zealand, mwaka 2004, wanaume wakifuata mwaka uliofuata. Walitangulia kwa mengi, ila si kwa malipo. Kuanzia mwaka 2008 baadhi ya wachezaji wa England waliweza kulipwa, lakini kwa kufundisha watoto kriketi shuleni. Kulipwa kwa kazi ya kucheza kulikuja mwaka 2014, wachezaji 18 walipopewa mikataba ya kudumu.

Anayelala kwa muda wa saa tano tu, akafanya kazi kutwa nzima na kufika mazoezini jua limeshazama anaweza kuwa na kipaji na nidhamu ya askari, ila misuli yake haina muda wa kujijenga, kwa kuwa misuli hujijenga mtu anapopumzika. Ndiyo maana sipendi kusikia utimamu wa mwili ukizungumzwa kama tabia njema, kana kwamba aliyechelewa kwenye kilomita 2 alikosa maadili. Mshahara humnunulia mchezaji usingizi wa mchana, humweka karibu na mtaalamu wa fiziotherapia kabla maumivu hayajawa jeraha, na humpa kocha wa viungo anayejua wiki hii apunguziwe mzigo kiasi gani.

Ukitaka kuona tofauti hiyo ikitembea, tazama mfululizo wa Ashes, pambano la jadi la Australia na England, wa mwanzoni mwa mwaka 2025, ambapo Australia iliifunga England pointi 16 kwa 0. Miezi michache kabla, Alex Hartley, mrushaji aliyetwaa Kombe la Dunia na England mwaka 2017 na ambaye sasa ni mchambuzi, alikuwa amesema hadharani kwamba baadhi ya wachezaji wa timu yake ya zamani hawako fiti vya kutosha. Wakati wa mfululizo huo mrushaji wa England, Sophie Ecclestone, alikataa kuhojiwa naye, na kwa siku kadhaa mzozo huo ulizungumzwa kuliko kriketi yenyewe. Kocha na nahodha waliondolewa muda si mrefu baadaye. Naamini Hartley alikuwa na haki ya kusema. Mtu anayelipwa kwa kazi hukubali kupimwa katika kazi hiyo, na wanawake waliodai waitwe wachezaji wa kulipwa hawawezi kuomba msamaha wa wachezaji wa ridhaa siku mambo yanapoharibika.

Hata hivyo, walioshangilia kauli yake hawakuangalia kalenda. Makubaliano ya mishahara ya Australia ya mwaka 2017 yalipandisha fungu la wanawake kutoka dola za nchi hiyo milioni 7.5 hadi milioni 55.2, na fedha hizo hazikuishia kwa nyota wa timu ya taifa bali zilishuka hadi kwa wanaocheza ligi za majimbo. England ilianza kuwapa mikataba wachezaji wa ngazi hiyo ya chini mwaka 2020. Msichana wa Australia aliyeingia timu ya taifa mwaka 2025 huenda alishapitia miaka saba ya mazoezi ya kulipwa kabla ya kuvaa jezi ya nchi. Mwenzake wa England alikuwa na michache. Nikiitazama hivyo, pengo la mbio lilianza kama pengo la mishahara. Halafu kuna jambo jingine lililonichefua: maneno kuhusu utimamu wa mwili wa wanawake huteleza upesi na kuwa maneno kuhusu maumbo yao. Mrushaji mnene mwanaume huitwa gwiji mwenye mwili mkubwa.

Kuhusu fedha za juu kabisa sina haja ya kueleza mengi. Ligi ya wanawake ya India ilianza mwaka 2023, timu zake tano zikiwa zimeuzwa kwa jumla ya karibu rupia bilioni 46.7, na mpigaji wa India, Smriti Mandhana, alinunuliwa mnadani kwa rupia milioni 34. Bingwa wa Kombe la Dunia mwaka 2025 alipewa dola za Marekani milioni 4.48, wakati mwaka 2022 alipewa milioni 1.32. Oktoba 2022 India ilitangaza ada sawa ya mechi kwa wanaume na wanawake, na vichwa vya habari vikasherehekea usawa. Waliosoma hadi mwisho waliona kwamba mkataba wa mwaka wa daraja la juu kwa mwanamke ulikuwa rupia milioni 5, huku wa mwanaume ukiwa milioni 70, na kwamba ada sawa kwa mechi chache hubaki kuwa pato dogo.

Faida ya muda ulionunuliwa inaonekana kwa macho. Machi 2024 Shabnim Ismail wa Afrika Kusini alirusha mpira uliopimwa kilomita 132.1 kwa saa, mpira wa kwanza wa mwanamke kurekodiwa ukivuka 130. Ila kasi ina deni lake. Mguu wa mbele wa mrushaji unapotua hubeba uzito wa mwili wake mara kadhaa, na deni hilo hulipwa na goti na uti wa mgongo. Wanawake huchanika kano ya katikati ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume katika michezo ya kugeuka na kusimama ghafla. Mchezaji anayekula pungufu ya anachokitumia, mara nyingi kwa sababu kuna mtu alimwambia apungue uzito ili kipimo kimwendee vizuri, anaweza kupoteza hedhi, kisha mifupa yake ikadhoofika hadi kupata nyufa. Kocha anayemkimbiza mchezaji kilomita 2 bila kumuuliza kuhusu hedhi yake na madini ya chuma mwilini mwake amepima kitu kimoja na kuacha viwili. Miaka michache iliyopita suala la hedhi lisingetajwa hata chumbani. Sasa katika timu kubwa ni sehemu ya kazi ya daktari, na nahesabu hilo kuwa maendeleo makubwa kuliko bei za mnada.

Weledi unahusu pia siku ambazo mchezaji hawezi kukimbia kabisa. Mwaka 2021 chama cha kriketi cha Pakistan kilianzisha sera ya uzazi inayompa mchezaji mapumziko ya hadi miezi 12 yenye malipo, na nahodha Bismah Maroof, aliyekuwa karibu kuacha mchezo, akajifungua na kurudi. Machi 2022, baada ya mechi na India kwenye Kombe la Dunia kule New Zealand, wachezaji wa India, wapinzani wake wa jadi, walimzunguka wakimchezesha mtoto wake wa miezi michache. Picha ilisambaa duniani kote. Mimi nilichokitazama ni begi la mtoto pembeni ya begi la gongo katika safari za timu, na nikawaza ni vipaji vingapi vilivyozimika kabla ya hapo kwa kukosa nafasi ya begi hilo la pili.

Nako chini ya ngazi hizi muda bado haununuliwi. Tangu katikati ya mwaka 2018 mechi zote za wanawake za ova 20 kati ya nchi wanachama huhesabiwa kuwa za kimataifa, uamuzi mzuri uliofungua milango, lakini Juni 2019 uliiacha Mali wapigaji wake wote wakitolewa na Rwanda kwa jumla ya mikimbio 6 tu, na rekodi hiyo ikabaki vitabuni. Wasichana wale walipewa hadhi kabla ya kupewa mazoezi. Rwanda yenyewe, iliyokuwa imejenga uwanja na kuwalea vijana wake kwa miaka, iliifunga West Indies katika Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 19 mwanzoni mwa 2023, wiki zilezile ambazo Van Niekerk alikuwa akihangaika na saa yake.

Afrika Kusini imecheza fainali tatu za Kombe la Dunia tangu ilipomwacha, mwaka 2023, 2024 na 2025, na imepoteza zote. Siwezi kusema kwamba angezibadilisha. Mwaka 2025, akiwa na miaka 32, alifuta uamuzi wake wa kustaafu. Wengi watataka kujua kilomita 2 anazikimbia kwa dakika ngapi sasa, na wana haki. Mimi nitafungua daftari langu la alama nione, mpira ukipigwa kuelekea pembeni na mwenzake akaita mkimbio wa pili, ageuke vipi.