Balozi alipokuja kukagua maua yangu

Mteja wa kwanza kuondoka na kitambaa chake alisingizia safari. Wa pili hakusingizia kitu. Alisema wazi kwamba hawezi kuacha kitenge cha harusi ya dada yake kwenye nyumba yenye maua yanayokula nyama. Hapo nikajua maneno yameshafika mbali.

Mwaka huo, 2016, nilikuwa nashona nyumbani, Sanawari, Arusha, chumba cha mbele, cherehani ikitazama dirisha. Nje ya dirisha, kibarazani, nilipanga mabeseni mapana yenye maji kidogo, na ndani yake makopo ya mimea. Mwanzo wake ulikuwa makopo mawili niliyoachiwa na mteja mgeni aliyekuwa anamaliza mkataba na kurudi kwao. Moja lilikuwa la drosera, mmea wa majani yanayonasa wadudu, asili yake Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Jingine lilikuwa la dionea, ule mmea wa Marekani unaofumba jani mdudu akitua. Dionea ina haraka ya kukamata, lakini kuzaa haina haraka, ikabaki moja. Drosera ndiyo iliyojaa kibaraza. Inatoa maua madogo ya zambarau, inajichavusha yenyewe, na mbegu zake ni vumbi tupu. Ukipita ukazigusa, wiki chache baadaye kila kopo la jirani lina miche usiyoipanda.

Mashabiki wangu wa kwanza walikuwa watoto wanaoletwa kupimwa sare za shule. Drosera waliielewa mara moja: kila jani lina vinywele vyekundu, kila kinywele kina tone linalong'aa mithili ya umande, na tone lile linanata kama ulimbo wa kutegea ndege. Dionea ndiyo waliyoitesa. Ndani ya jani lake mna vinywele vichache vya kuhisi. Ukigusa mara moja, kimya. Ukigusa tena kabla ya sekunde kama 20 kupita, jani linafumba. Hesabu hiyo inausaidia mmea usihangaike na kila tone la mvua, ila kwa mtoto mwenye njiti ya kiberiti haisaidii. Na kila mtego una mara chache tu za kufumba, baada ya hapo unachoka, unakuwa mweusi. Siku moja mtoto akaulisha kipande cha mshikaki. (Mwanasayansi Charles Darwin naye alizilisha drosera vipande vya nyama na ute wa yai kabla ya kuchapisha kitabu chake cha 1875 kuhusu mimea hii, lakini yeye alikuwa anaandika matokeo.) Mshikaki ukaoza na jani lake, ukanuka mpaka barabarani. Nadhani harufu ile ndiyo iliyozaa habari ya maua yanayokula nyama. Kutoka nyama mpaka paka, na kutoka paka mpaka mtoto mchanga, ni foleni moja tu ya maji bombani.

Jumamosi moja ya Novemba, vuli imeshaanza, balozi wetu wa nyumba kumi akapiga hodi. Aliongozana na mama wa duka la kona na mzee mmoja mrefu mwenye koti zito, mstaafu wa idara ya kilimo, mtaa mzima tunamwita Bwana Shamba.

"Karibuni. Shikamooni."

"Marahaba, fundi. Hatukuja kwa ubaya," alisema balozi. Mtu akianza hivyo, ujue ana jambo.

Nikawatolea viti, nikabandika chai. Sukari ilikuwa imeniishia, ikabidi mama wa duka amtume kijana wake alete nusu kilo, kwa mkopo. Balozi hakuzunguka: alitaka auone mmea ukila, kwa macho yake.

Hapo palikuwa na kazi. Dionea haikuwa na mtego hata mmoja mzima, watoto walishaimaliza. Nikabaki na drosera, ambayo haijui kuharakishwa. Nikamfunika nzi kwa glasi, nikamnasa kwa kibano changu cha kutolea nyuzi, nikamgusisha kwenye jani. Akavuma, akatulia, akavuma tena. Kila alipochomoa mguu mmoja, ulimbo ulivutika uzi mwembamba na miguu mingine miwili ikazama. Baada ya dakika chache vinywele vya pembeni vikaanza kuinamia upande wake, taratibu mno, ukikodolea macho huoni, ukigeuka na kurudi unakuta vimesogea.

Wageni wakakaa kusubiri. Balozi akatazama saa.

"Mbona hali?"

"Anakula, balozi. Polepole."

"Hata wangu wa mwisho anakula hivyo hivyo," alisema mama wa duka.

Ilipofika chai ya pili, ncha ya jani ilishaanza kujikunja. Bwana Shamba alikuwa bado hajasema neno. Aliinama, akachota udongo wa kopo kwa vidole viwili, akausugua, akaunusa.

"Udongo gani huu?"

Nikamweleza: pitimosi, ule udongo mwepesi wa mabaki ya mimea, isiyotiwa mbolea, naipata kwa wenye vitalu vya miche njia ya Usa River.

"Hauna kitu huu."

"Hauna, mzee. Nikitia mbolea, mizizi inaungua."

"Sasa naitrojeni anaitoa wapi?"

Nikamwonyesha nzi. Alicheka mpaka koti likatikisika. "Balozi, umeona? Huyu nzi ndiye urea yake!"

Kuanzia hapo kikao kikawa chake. Alimfafanulia balozi kwamba mmea huu unajipikia kwa jua sawasawa na mahindi, na kwamba mdudu ni mbolea tu, kwa sababu kwao kuna matope maskini yasiyo na rutuba. Paka hawezi kuliwa, alisema, labda aje vipande vipande, tena kwa miaka. Kisha akakumbuka kwamba zamani, akiwa kazini Nyanda za Juu Kusini, aliwahi kuvuka bonde lenye vijani vyekundu vinavyong'aa, akadhani ni umande uliochelewa kukauka. Nikamwambia inawezekana kabisa, drosera ya asili ipo kwenye maeneo chepechepe ya Tanzania. Mama wa duka akashusha pumzi. Kumbe hata si mgeni!

Balozi alikuwa na swali moja limebaki. Kwa nini mapipa ya mvua yote yale, na bomba lipo? Sikujibu, nilimletea birika langu aone ukoko mweupe wa ndani. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano, yanabeba chumvi chungu nzima, na juu yake floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande huu vinazidi. Maji yakikauka kwenye kopo, chumvi inabaki, inarundikana mpaka mizizi inakufa. Balozi, mzaliwa wa chini ya Meru, alicheka akaonyesha meno yake ya kahawia.

"Basi ana akili kutuzidi sisi."

Bwana Shamba akaomba mbegu. Nikampa kopo zima, akakataa. Alitaka aone jinsi unavyozalishwa. Kabla sijamzuia alishachukua mkasi wangu wa kitambaa, ule ambao hata mume wangu haugusi, akakata jani kwenye shina. Nikameza mate. Jani lile tukaliweka kwenye kikombe cha maji ya mvua, likae dirishani penye mwanga mpaka litoe vichipukizi juu yake. Mama wa duka alichukua kopo lenye mmea mkubwa, kwa ajili ya nzi wa maandazi. Nilimwambia aendelee kufunika maandazi. Mmea mmoja haumalizi nzi wa duka. Balozi naye akabeba wake, akasema ni kielelezo, endapo mtu ataleta tena malalamiko.

Kitenge cha harusi hakikurudi. Kilishonwa Kijenge, na nimesikia mikono ilibana.

Waliokuja ni wengine, na wengi hawakuja na kitambaa. Walikuja na makopo ya mafuta ya kula, wanaulizia ua la Bwana Shamba. Nikagawa mpaka mabeseni yakapungua. Halafu nikaanza kusikia kwamba dukani kwa kona miche inauzwa shilingi elfu mbili, pamoja na chupa ya maji ya mvua. Nikaenda kuuliza. Miche ilikuwa imepangwa juu ya kaunta, mizuri, imeng'aa kuliko yangu.

"Mama, hii si nilikupa bure?"

"Ulinipa," alisema, akafungua daftari la madeni, akaligeuza upande wangu. "Na ile nusu kilo ya sukari, je?"